Mwongozo wa Riwaya kwa Mtu Aliyekwisha Maliza Shule

Ingia duka la vitabu, iwe Dar es Salaam au Nairobi, uombe riwaya ya Kiswahili. Muuzaji, mtu mwema asiye na nia mbaya, atakuuliza: "Ya kidato cha ngapi, kaka?" Mwambie huna mtoto anayefanya mtihani, unataka kusoma mwenyewe tu. Atakutazama kidogo, atapanda ngazi, atashuka na riwaya uliyoitaka pamoja na kijitabu chembamba kilichoandikwa "Mwongozo": muhtasari wa kila sura, wahusika na sifa zao, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, maswali ya marudio. "Chukua na hiki, kitakurahisishia." Usichukue. Mshukuru, lipia riwaya, ondoka.

Haya yafuatayo nimemwandikia mtu huyo aliyeondoka na kitabu kimoja. Cheti unacho, hakuna msahihishaji anayekungoja, na hata hivyo ukishika riwaya mkono wa kulia unatafuta kalamu.

Tunajua ugonjwa huu ulikotoka. Mwanafunzi wa Kenya akikutana na "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)" hahitaji hata kufikiri: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani, basi, alama nne. Wa Tanzania anaigawa riwaya mafungu mawili, fani huku na maudhui kule, kisha anakata kila fungu vipandevipande: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na nakala chache za Takadini lazima atafute njia ya kulivusha darasa hilo, na uchambuzi ni elimu ya kweli. Tatizo ni kwamba wengi tulitoka shuleni tukidhani kusoma riwaya ndiko huko. Muulize mtu mzima habari za Watoto wa Mama N'tilie, atakujibu bila kusita: umaskini, ulevi, malezi, nafasi ya mwanamke katika jamii. Muulize ni wapi kitabuni alicheka, au ni nani aliyemkera hadi akakifunga kitabu kwa hasira, atanyamaza. Alialikwa karamuni akaondoka na orodha ya viungo.

Anza, basi, kwa kurudia kitabu ulichowahi kukisoma kwa lazima. Najua ulikuwa umeapa kutokigusa tena. Kiguse. Hadithi unaijua, kwa hiyo hutakimbizana na nini kitatokea, na macho yatakuwa na nafasi ya kutazama mengine. Mkenya aliyelelewa na Siku Njema ya Ken Walibora (1996) amwache Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, avuke mpaka kumtafuta baba yake kama alivyovuka mara ya kwanza. Yeye atazame jinsi kijana huyo anavyojishikilia kwa lugha, namna sentensi zinavyomfariji pale watu wanapomwangusha.

Ila kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ningekupa Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alikitoa mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 27. Kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye shule hizohizo zikakifundisha. Ulipokisoma kijana ulisimama upande wa Rosa, na ungesimama wapi kwingine? Barua ya Charles inafika, baba anaijua, kipigo kinafuata. Ukamchukia Zakaria, ukageuza ukurasa. Kisome leo ukiwa na binti wa umri ule. Hakuna herufi iliyobadilika, lakini Zakaria si yule. Utauona woga ndani ya ukali wake, na hutajua uuweke wapi, kwa sababu fimbo bado ni fimbo na mtoto bado ameumia. Utaona pia kwamba nyumba ile imejaa watu wanaopendana na hakuna hata mmoja anayejua kulisema hilo. Kezilahabi hakusaidii. Hamtetei baba, hamtakasi binti, na hasimami pembeni kukunong'oneza kwamba hapa sasa unatakiwa kuhuzunika. Anakuachia. Sehemu hiyo uliyoachiwa ndiyo ambayo vijitabu vya dukani haviwezi kukusomea, na ndiyo niliyokuomba ukalipie.

Kwa hiyo acha pia kutafuta mtu mwema. Kwenye mtihani kulikuwa na mhusika mkuu na sifa zake tano, mvumilivu, jasiri, mwenye mapenzi ya dhati. Fungua Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ukiwa na orodha hiyo uone itakavyokushinda. Bwana Maksuudi amewafungia ndani mkewe na bintiye, huku nje akitafuta heshima na madaraka. Ni mtu wa kuchukiwa, na mwandishi anakuruhusu umchukie kwa muda mrefu. Kisha anamwangusha taratibu, kitu kimoja baada ya kingine, na wewe uliyekuwa ukimwombea mabaya unajikuta unasoma kwa moyo mzito. Kaa na uzito huo. Usikimbilie kuandika "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa."

Sasa kuhusu kasi. Tunasoma ujumbe wa simu mia kwa siku, na jicho limezoea kuruka. Dawa yake ni ya bei rahisi: soma kwa sauti. Nasema kwa sauti hasa, midomo ikitikisika, hata kama walio nyumbani watauliza unaongea na nani. Nathari ya Kiswahili, zaidi ile ya waandishi wa Zanzibar, imekaa karibu sana na baraza, na mengi yake hayaonekani kwa jicho. Mohamed Suleiman Mohamed katika Nyota ya Rehema, Said Ahmed Mohamed, Adam Shafi: hawa waliandika wakisikia watu wanazungumza.

Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali. Anahamishiwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango, anakimbilia kwa rafiki yake Mwajuma huko Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa Kiingereza kwa ajili ya harakati za uhuru. Ukiisoma mbiombio, nimekumalizia kitabu. Ukiisoma kwa sauti unaanza kuisikia nyumba ya Mwajuma. Mtu anaingia bila kubisha hodi ya maana, anatania, anatupiwa utani wake nyuma. Swali linaulizwa na kujibiwa kando, na lile jibu la kando ndilo lililobeba habari. Mshike mtu mmoja wa nyumbani mgawane sauti, mmoja Yasmin, mwingine Mwajuma. Hamtafika mbali kabla hamjagundua kwamba Yasmin wa chumba hiki ana ulimi ambao kwa Raza haukuwa na kazi. Mwandishi hakutuambia "Yasmin sasa alijisikia huru." Alimpa nafasi ya kuongea, akatuachia tusikie. Amil Shivji alitengeneza filamu ya riwaya hii, ikatoka mwaka 2021, na ni nzuri; itazame baada ya kusoma, kwa sababu ukitangulia kuitazama utabaki na nyuso za waigizaji na hutapata nafasi ya kumwona Denge wako mwenyewe.

Maneno magumu yatakuwepo. Msomaji wa Mwanza atakwama kwa Shafi, wa Unguja atakwama kwa Kezilahabi, na wa Eldoret atakwama kwa wote wawili. Usikimbilie kamusi kila mstari. Piga alama ndogo kwa penseli, endelea, na mara nyingi neno litajieleza ukurasa unaofuata. Sura ikiisha ndipo ufungue Kamusi Kuu ya BAKITA uone kama ulikisia vyema. Raha ya kukisia vyema ni kubwa, na ukikisia vibaya hakuna anayekata alama.

Kuna ukurasa karibu wote huuruka: ule wenye mwaka wa kuchapishwa. Usome. Kuli ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1979, na inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Kati ya mgomo na kitabu kuna uhuru, kuna mapinduzi, kuna Muungano, na mwandishi aliyeyaona yote hayo ndiye anayemtuma Rashidi akabebe magunia gatini. Kujua hivyo kunabadilisha kila mstari unaozungumzia matumaini.

Na hapo nataka tukae kidogo na Kusadikika, kwa sababu hakuna kitabu kilichoonewa na shule kama hicho. Mwaka ni 1951. Shaaban Robert anaishi Tanganyika iliyo chini ya Waingereza, na ameitumikia serikali hiyohiyo kama karani kwa miaka mingi. Anaandika habari za nchi inayoelea angani, ambako kijana aitwaye Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Mshtaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje ya nchi, akarudi na jambo jema, akatiwa gerezani kwa shukrani. Mwanafunzi anaambiwa: hii ni picha ya ukoloni. Anaandika, anapata alama, anafunga kitabu maisha.

Kisome sasa, wewe uliyewahi kukaa kwenye kikao mbele ya mkubwa anayekosea na hakuna anayethubutu kusema. Utamtazama Karama kwa jicho jingine. Hapigi kelele, hatukani, haombi radhi. Anasimulia. Mahakama yenye uwezo wa kumwua inarudi siku ya pili, ya tatu, ya nne, kwa sababu hadithi haijaisha. Shaaban Robert, ambaye kama kila mtoto wa pwani alizijua hadithi za kusimuliwa usiku kwa usiku, ameikabidhi mbinu hiyo kwa mshtakiwa wa kisiasa. Halafu angalia jambo ambalo jibu la mtihani huliacha nje: wanaotawala Kusadikika ni Wakusadikika. Mfalme ni wao, mawaziri ni wao, gereza wamelijenga wenyewe. Mkoloni angeweza kukisoma kitabu hiki akajiona hayumo. Mtawala yeyote aliyekuja baada ya 1961 angeweza naye kukisoma akajiona hayumo. Mimi naamini mwandishi aliyapima hayo yote mawili, na nikisoma hukumu inavyokaribia, siku ya sita, bado roho inanidunda.

Usidharau riwaya za mkono wa pili, zile za upelelezi na mapenzi zilizochakaa majalada. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba kazini katika Kufa na Kupona. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Watu wengi waliojifunza kukesha na kitabu walifundishwa na hao, na anayewacheka hajui nani alimjengea mlango. Tofauti ninayoiona ni ndogo lakini ina maana: muuaji akishajulikana, riwaya ya upelelezi inakuachia uende zako. Kichwamaji ya Kezilahabi haikuachii. Hata mtu akikuambia mwisho wake njiani kabla hujaanza, kama watu wanavyopenda kufanya, hajakuibia kitu, kwa sababu swali la kitabu halikuwa nini kitampata Kazimoto. Swali lilikuwa kwa nini kijana msomi, mwenye akili kuliko wote waliomzunguka, hana la kujibu mtu akimwuliza maisha ni ya nini.

Swali hilo ndilo lililomchukua Kezilahabi hadi Nagona (1990) na Mzingile (1991), na hapa ndipo wasomaji wazuri hukata tamaa. Vitabu vyenyewe ni vyembamba, hakuna kinachofika kurasa mia, na wembamba huo umewaponza wengi. Unafungua Nagona ukitegemea kijiji cha Ukerewe, unamkuta mtu anayesafiri peke yake kwenye njia isiyojulikana mwisho wake, anafika mji ambao watu wake hawasemi, wakati haufuati kalenda, na wanafalsafa wa Ulaya waliokufa zamani wanatokea kana kwamba ni wenyeji. Unasoma kurasa kumi, unarudi mwanzo kuona kama karatasi hazikuruka. Hazikuruka.

Fanya hivi. Kwanza, usianze na Nagona. Pitia Rosa Mistika na Kichwamaji uizoee sauti ya mtu huyu akiwa bado anatembea ardhini. Kisha siku moja isiyo na shughuli kisome Nagona chote kwa mkao mmoja, bila penseli, bila kurudi nyuma. Hutaelewa. Endelea kutoelewa kwa adabu, kama unavyokaa kwenye mazishi ya watu ambao lugha yao huijui vizuri: unajua ni msiba, unajua nani amefiwa, na hilo linatosha kwa siku hiyo. Ukimaliza, usimpigie mtu simu kumwuliza kina maana gani. Lala. Kesho yake au wiki ijayo kisome tena, na safari hii andika pembeni vitu vinavyojirudia tu: ukimya, njia, kiu ya kufika. Mara ya pili utakuta umekuwa na maswali yako mwenyewe, na maswali hayo hayatafanana na ya jirani yako aliyekisoma kitabu kilekile. Kezilahabi alikuwa mshairi na mwanafalsafa, alijua vizuri kuandika hadithi inayonyooka, na aliandika nne kabla ya hii. Aliponyamaza kuhusu jambo fulani alinyamaza kwa makusudi. Mpe heshima ya kuamini hivyo.

Usiishie kwa wanaume wala kwa waliotangulia. Zainab Burhani ana Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa; Clara Momanyi ana Nakuruto; Anna Samwel Manyanza alishinda tuzo ya kwanza ya Mabati-Cornell kwa upande wa riwaya mwaka 2015. Wala usione haya kusoma tafsiri. Clement Ndulute alitupa Shujaa Okonkwo, Abdilatif Abdalla akatupa Wema Hawajazaliwa. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, Wazanzibari wengi walishangilia mtu ambaye hawakuwa wamemsoma, maana aliandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akamrudisha nyumbani kwa tafsiri yake, Peponi. Kile kitabu cha mtoto Yusuf, anayechukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, kinaposemwa kwa Kiswahili kinajaa watu ambao babu zetu wangeweza kuwataja kwa majina. Kisome hata kama ulikisoma kwa Kiingereza, tena kisome zaidi kama ulikisoma kwa Kiingereza.

Jambo lililobaki ni watu. Kusoma ni kazi ya mtu mmoja, lakini kitabu kikikaa kichwani bila kujadiliwa kinachacha. Tafuta wawili watatu, wa kazini, wa kijiweni, wa jumuiya, mchague riwaya moja kwa miezi miwili. Miezi miwili, kwa sababu nakala ni moja na itazunguka, na kwa sababu kuna atakayesema ameanza kumbe hajaanza. Siku ya kukutana, aliyemaliza chuo kikuu asipewe nafasi ya kwanza, maana atasema "kimuundo" na wengine watanyamaza. Aanze yule aliyekichukia kitabu. Msimwulize dhamira, mwulizeni ukurasa gani aliutupia mkono, asome hapo kwa sauti, kisha wengine waseme. Mkianza na Kichwamaji, jitayarisheni kuchelewa kurudi nyumbani. Nusu watasema Kazimoto ni mwoga, nusu watasema ndiye pekee aliyekuwa mkweli, na kila upande utatafuta kurasa za kujitetea; atakayekosa kitabu mkononi atalazimika kumwomba mwenzake. Muda ukiisha hamjakubaliana, mwenye nakala aondoke nayo, aandike jina lake kwa kalamu ya wino ukurasa wa ndani, na mkutane tena mwezi wa tatu na Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi huyohuyo.